Barua ya wazi kwa kamati za jubilei zinazotaka kukarabati makanisa ya zamani ya misheni

Kwa Wahashamu Maaskofu, mababa paroko na wachungaji, wajumbe wa kamati za ujenzi na jubilei, na wenye dhamana ya mambo ya kale wizarani,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wa sharika, Bwana Yesu asifiwe.

Misheni ya zamani hapa Tanzania ikikaribia miaka 100, 125 au 150, kamati huundwa, bahasha hupitishwa, na kazi ya kwanza kutajwa kikaoni ni kulipendezesha kanisa. Mwaka haujaisha, kuta zimepigwa lipu ya saruji, sakafu imefunikwa vigae vinavyong'aa, madirisha ya mbao yameng'olewa yakawekwa ya alumini, na sherehe imefana. Wageni wakishaondoka na masika matatu manne yakipita, ukuta unaanza kumwaga unga. Hapo huundwa kamati nyingine, nayo huagiza saruji nyingine.

Sisi tunaoandika ni mafundi wa chokaa, maseremala wa kenchi na wasanifu wa majengo. Tunachowaomba ni mgeuze mpangilio wa bajeti. Fedha ya jubilei ianzie kwenye paa na gata, ishuke kwenye ardhi inayozunguka kanisa, na kuta zije mwisho. Saruji isiguse ukuta wa zamani hata kidogo.

Tutaje sheria kwanza, maana wengi hudhani inayalinda makanisa haya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalitambua jengo moja kwa moja kuwa la kale iwapo lilijengwa kabla ya 1863. Sasa pigeni hesabu. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, Masasi 1876, Mhonda 1877, Kilema 1890, Rungwe 1891, Machame 1893. Hakuna hata moja inayoifikia tarehe hiyo. Hata mnara wa kanisa la kwanza la Bagamoyo, mahali mwili wa Livingstone ulipolala usiku wa 24 Februari 1874 ukielekea Zanzibar, ni mchanga mno kwa kipimo cha mwaka peke yake. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango wa kanisa unaweza kuwa mali inayolindwa huku kanisa lenyewe likivunjwa bila kosa lolote chini ya sheria hiyo. Njia iliyobaki ni Waziri kulitangaza jengo husika katika Gazeti la Serikali. Tunawaomba wenye dhamana wizarani wasingoje barua. Waziandikie dayosisi, waombe orodha ya makanisa ya misheni yaliyojengwa kabla ya 1920, kisha watume mtu akayaone. Nazo dayosisi zisiogope kutangazwa kwa dhana kwamba kanisa litageuka makumbusho. Misa na ibada huendelea. Kinachobadilika ni kwamba nyundo haipigwi kabla ya ruhusa.

Turudi kwenye ukuta, kwa sababu hasara kubwa iko hapo.

Makanisa ya mwambao yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Bara mengi ni ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, na milimani utakuta mawe ya mahali penyewe. Unene wa ukuta kwa kawaida ni sentimita 45 hadi 75. Hakuna nailoni wala lami chini yake ya kuzuia unyevu, na hili halikuwa kosa la wajenzi. Ukuta ulitengenezwa unyonye unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha uutoe nje kwa jua na upepo kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Unyevu hupanda mpaka magotini, hukauka, mambo yakaisha.

Ukipaka saruji juu yake umeziba njia ya kutokea. Maji hayajapungua ardhini, kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea: kutoka magotini hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi chini ya dirisha. Yanapopanda yanabeba chumvi. Maji yakikauka nyuma ya lipu, chumvi hubaki na kuwa vijiwe vidogo vinavyovimba ndani ya tofali na kulipasua kidogo kidogo. Ndiyo maana lipu ya saruji kwenye kanisa la zamani haianguki peke yake. Hudondoka kama sahani kubwa, na mgongoni mwake imebeba uso wa tofali. Tofali lililopoteza uso wake uliochomwa vizuri linabaki na moyo laini, na mvua inaula kama sukari.

Kuna sababu ya pili isiyosemwa sana. Ukuta wa chokaa hucheza. Unatanuka mchana, unasinyaa usiku, na msingi wake unatulia kidogo kila mwaka. Chokaa huufuata, na nyufa ndogo hujiziba zenyewe mvua inapoyeyusha chokaa kidogo na kuirudisha ufani. Saruji ni ngumu kuliko kitu inachokishika. Haikubali kucheza, hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na kila ufa hunyonya mvua ambayo baadaye haina pa kutokea.

Kama saruji ilishapigwa, msikimbilie kuibomoa yote kwa wiki moja. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachia na inaweza kutolewa. Panapolia bubu imeshika, na kuing'oa kwa nguvu kutaondoka na jiwe. Anzeni na ukanda wa mita 1 kutoka ardhini, nje na ndani, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, mkiingia kwa ubavu kutoka kwenye ukingo uliokwisha kuachia. Mashine ya kutoboa zege isisogezwe kabisa. Juu, chini ya upenu, ambako ukuta ni mkavu, saruji inayoshika iacheni mpaka iachie yenyewe. Ukuta uliovuliwa uachwe wazi kiangazi kizima ukauke. Unga mweupe utakaotoka ufagiliwe kwa brashi kavu na kuzolewa ukatupwe mbali. Ukiuosha kwa maji umeurudisha ndani.

Sasa chokaa yenyewe. Inayofaa zaidi ni ile iliyotoka tanurini ikazimwa kwa maji, ikawa uji mzito. Wakati wa kuizima, chokaa ndiyo inayoingizwa kwenye maji kidogo kidogo. Kumwagia maji lundo la chokaa ni hatari, kwa sababu huchemka na kuruka, na tone moja machoni linaweza kupofusha. Miwani ya kazi, glavu na ndoo ya maji safi pembeni si mapambo. Uji huo ulazwe kwenye shimo au pipa, maji yakiufunika juu, kwa mwezi mmoja angalau. Miezi mitatu ni bora zaidi. Kamati inayoanza kutafuta chokaa wiki sita kabla ya jubilei imeshachelewa, na ndiyo sababu fundi huishia kushika mfuko wa saruji.

Chokaa ya mifuko inakubalika ikiwa mbichi. Iloweke siku moja kamili au zaidi kabla ya kuichanganya na mchanga. Kuijua iliyokufa ni rahisi: weka unga kidogo kwenye kisahani, dondoshea siki. Ikitoa povu jingi, imeshavuta hewa na kurudi kuwa jiwe la unga, haitashika kitu. Chokaa nzuri hutulia.

Mchanga uwe wa chembe zenye pembe, kubwa kwa ndogo zikiwa zimechanganyika, usio na udongo. Mchanga wa pwani una chumvi, na kuupaka ukutani ni kupanda ugonjwa uleule uliotoka kuuondoa. Kipimo cha kuanzia ni ndoo 1 ya uji wa chokaa kwa ndoo 3 za mchanga. Sehemu ya chini inayorukiwa na matone ya mvua inataka kushika haraka zaidi: hapo tumieni ndoo 1 ya chokaa, ndoo 2 na nusu za mchanga, na nusu ndoo ya unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto wa wastani, uliochekechwa. Unga huo huifanya chokaa ishike hata penye unyevu, na bado hupitisha mvuke.

Kazi ya kupaka ina subira yake. Lowesheni ukuta jana yake na asubuhi ya kazi, kwa sababu ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa ikabaki vumbi. Mkono wa kwanza urushwe kwa mwiko, usisuguliwe, unene wa milimita 8 hadi 10. Ukikaza kiasi kwamba ukucha unaacha alama lakini kidole hakizami, uchaneni mistari na mpige wa pili. Wa mwisho uwe mwembamba, milimita 3. Magunia yaliyoloweshwa yafunike kazi kwa wiki moja, yakinyunyiziwa asubuhi na jioni. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka tu kama tope. Hukomaa kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevunyevu. Jua la Julai likiipiga bila gunia, itapasuka kama ziwa lililokauka, na watu watasema chokaa haifai.

Rangi ni chokaa vilevile, iliyolainishwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Mkono wa kwanza huonekana kama maji matupu na waumini wataguna. Subirini kesho yake. Rangi za mafuta na zile za plastiki zinafunga ukuta sawasawa na saruji, hata kopo likiandikwa nini.

Hayo yote ni bure kama maji hayajaelekezwa. Chukueni kanisa la kawaida la kijijini, paa la mita 30 kwa 12. Hizo ni mita za mraba 360. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huishusha kwa saa chache, ni lita 18,000. Kila upande wa kanisa unapokea ndoo 450 za lita 20, na pasipo gata zote zinadondokea kwenye mstari mmoja, hatua moja kutoka kwenye msingi. Hakuna lipu inayoweza kushindana na hilo.

Gata ziteremke milimita 5 kwa kila mita, zikianzia katikati ya kanisa kwenda pembe zote mbili, ili kila bomba la kushushia lihudumie mita 15 tu. Bomba liwe na kipenyo cha milimita 100 au zaidi. Bomba jembamba huzibwa na majani ya siku moja. Maji yapelekwe mita 3 mbali na ukuta kwa mfereji uliosakafiwa. Mkiweka tangi la kuvunia maji, wazo zuri kabisa, lisisimame kwenye ukuta wa kanisa na bomba la kufurikia lisielekee msingini. Tumeona matangi mengi yaliyokuja kuokoa maji yakaishia kuuzamisha msingi.

Kisha angalieni ardhi. Miaka 100 ya kufagia, kupanda maua na kumwaga kifusi huinua uwanja mpaka ukawa juu ya sakafu ya ndani. Ushusheni, uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau, na uteremke sentimita 5 kwa kila mita katika mita 2 za kwanza. Ule mkeka wa zege unaopigwa kuzunguka kanisa ili viatu visichafuke ni adui. Unafunika ardhi isikauke, na unyevu wote unabakiwa na mlango mmoja, nao ni ukuta wenu. Vigae vya sakafuni hufanya vivyo hivyo kutoka ndani. Wekeni changarawe nje, na sakafu ya zamani ya matofali au chokaa itengenezwe palipoharibika tu.

Juu ya paa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Vigae vya udongo vina uzito wa karibu kilo 40 kwa mita ya mraba. Bati halifiki hata kilo 5. Mkivua vigae na kuezeka bati, kenchi zile zile zilizokuwa zimekandamizwa na uzito sasa zinaweza kunyanyuliwa na upepo. Kila kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma unaoshuka ndani ya mawe sentimita 60 au zaidi. Na kumbukeni geji huhesabiwa kinyume: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mfadhili akiwaambia amewaongezea namba, mwulizeni vizuri.

Boriti zinazovuka kanisa kutoka ukuta hadi ukuta zisikatwe kamwe. Kila mwaka kuna mtu anayeziona zinaziba msalaba au skrini ya maneno ya nyimbo. Boriti hizo ndizo zinazozuia miguu ya paa isisukume kuta kwenda nje. Zikikatwa, paa hukaa chini kidogo kidogo na kuta hupanuka juu. Mjue kwa timazi: teremsheni uzi kutoka juu ya ukuta hadi chini, upande wa nje, mpime nafasi kila baada ya mita 3. Ukuta ulioinama zaidi ya sentimita 3 juu uitiwe mhandisi, siyo fundi wa lipu. Nyufa nazo zipimwe kabla ya kuzibwa. Chora alama mbili za penseli pande mbili za ufa, andika tarehe na umbali, rudia kila mwezi kwa mwaka mzima ili masika na kiangazi vyote vipite. Ufa usiosogea unazibwa kwa chokaa. Unaosogea una sababu, na sababu kwa kawaida iko chini, kwenye maji tuliyoyasema. Sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, iliyoporomoka 25 Desemba 2020 na kuua watu 2, ilitufundisha sote kwamba jengo la kale huweza kuanguka siku mafundi wamo ndani wakilitengeneza.

Kenchi ikiliwa na mchwa, mara nyingi ni ncha inayoingia ukutani tu. Seremala anayeijua kazi hukata sehemu mbovu, akaunga kipande cha mbao ya aina ileile kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa mara 3 ya kimo cha boriti, akakifunga kwa bolti. Boriti ya mninga au mvule ya miaka 100 haina badala dukani. Kuitupa yote na kuleta paina mbichi ni kubadilisha dhahabu kwa bati. Ncha mpya iachiwe nafasi ya kidole kuzunguka, isijengewe kwa saruji.

Neno moja kuhusu kengele. Acheni kuufunga ulimi wa kengele kwa kamba na kuuvuta ugonge upande mmoja. Ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuipasua kengele ya shaba nyeusi, kwa sababu ulimi hubaki umeigusa wakati inatetemeka. Na aliyeipiga kwa nyundo ya chuma sababu ulimi umepotea, tunamwomba asirudie.

Mnajua wenyewe kuwa waumini wameongezeka, na kanisa lililojengwa kwa watu 200 sasa linaitiwa 900. Hatuwaambii mkae juani. Jengeni jipya pembeni, la zamani libaki kwa misa za asubuhi, ubatizo na kuabudu. Ikibidi kabisa kuliongeza, ongezeko liwe jengo linalojitegemea, lililotenganishwa na la zamani kwa nafasi ya sentimita 2 au 3 kutoka msingi hadi paa, maana misingi miwili haitulii kwa kasi moja. Mtaro wa msingi mpya usiende chini zaidi ya kitako cha msingi wa zamani ulio jirani nao. Kutoboa kuta za pembeni na kuacha nguzo tu ndiyo njia iliyobomoa mengi.

Kwa makatibu wanaoandaa mikataba: orodha ya kazi ikisema lipu ya saruji moja kwa nne, ifuteni kabla ya zabuni, kwa sababu mkandarasi atapaka alichosaini. Mtakeni kila mwombaji apake kipande cha mfano cha mita 1 ya mraba kwa chokaa, kikae wiki 4, ndipo mchague. Zuieni asilimia 10 ya malipo mpaka masika mamoja yapite. Kabla jukwaa halijasimamishwa, pigeni picha kila ukuta, mlango na altare, na zile rejista za ubatizo zitoke sakristia yenye popo ziende kwenye sanduku la bati, mahali pakavu, siyo kwenye mfuko wa nailoni unaozifungia unyevu.

Na mvua kubwa ya kwanza ikianza, kabla kamati haijakaa kikao chochote, mjumbe mmoja achukue mwavuli na daftari, alizunguke kanisa taratibu mara mbili, na aandike kila mahali maji yanapogusa ukuta.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa chokaa, maseremala na wasanifu wa majengo ya kale